Bastola Mpya Inakwama: Ni Ugeni Wake au Ni Kasoro?

Mzee wetu wa safu, shikamoo.

Mimi ni mfanyabiashara wa pembejeo hapa Masasi. Msimu wa kupulizia mikorosho ukifika, duka langu huuza salfa ya unga, dawa za maji na mabomba ya kupulizia, na mara nyingine fedha za jioni hulala dukani kwa sababu benki imekwisha kufungwa. Baada ya duka la jirani yangu kuvunjwa usiku, niliamua kuomba leseni ya kumiliki silaha. Nilipita kila mlango uliotakiwa, kuanzia serikali ya mtaa hadi polisi wilaya na kuendelea, na hatimaye nikapewa. Nikanunua bastola mpya, ndogo ya kuchomeka kiunoni, ya milimita tisa, kwa muuzaji mwenye kibali jijini Dar es Salaam. Ilikuja na magazini mbili, vile visanduku vya risasi vinavyochomekwa kwenye mpini.

Siku niliyoipeleka kwenye kiwanja cha shabaha, mbele ya msimamizi, nilipiga risasi 50 na ikakwama mara nne. Mara tatu slaidi, kile kipande cha juu kinachokwenda na kurudi, ilirudi mbele lakini ikasimama kabla ya kufunga, likabaki pengo la unene wa sarafu. Na mara zote tatu ilikuwa risasi ya kwanza au ya pili baada ya kuijaza magazini hadi mwisho. Mara ya nne nilikuwa najaribu kupiga kwa mkono mmoja, na ganda tupu likabanwa wima kwenye tundu la kutokea, limesimama kama mshumaa. Sikuwa nimeifungua wala kuisafisha kabla. Niliitoa kwenye boksi nikaenda nayo kama ilivyotoka kiwandani.

Nilimpigia simu muuzaji, akacheka: "Hiyo ni mpya, bado inabana. Ipige risasi 200 itakaa sawa yenyewe." Shemeji yangu, ambaye aliwahi kuwa mlinzi wa kampuni, anasema silaha ya kweli haizoeshwi, hivyo nimeuziwa mbovu. Yeye ananishauri nimpe aende nayo shambani kwake akazimalize hizo risasi 200, au tuipeleke kwa fundi wa kuchomelea aipige msasa kidogo pale risasi inapoingilia. Mke wangu anasema niirudishe ilikotoka na yaishe. Risasi ninazoruhusiwa kuwa nazo ni za kuhesabu, na bei yake unaijua.

Ninaitunza kwenye droo ya kaunta yenye kufuli na ninaipaka mafuta ya cherehani, ingawa jirani anasema mafuta ya nazi ndiyo bora. Naomba uniambie: bastola mpya inaruhusiwa kukwama mara ngapi kabla mtu hajasema ni mbovu?

Mwenye duka la pembejeo, Masasi

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, kwa sababu umefanya jambo ambalo watu wengi hawalifanyi: umeeleza ilikwama vipi na ilikuwa risasi ya ngapi. Mtu akiniambia tu kwamba bastola yake "inasumbua", huwa sina la kumjibu. Wewe umenipa karibu jibu lote, ila hukujua kwamba umelishika mkononi.

Nianze na hoja ya shemeji. Si kweli kwamba kila bastola nzuri hutoka kiwandani ikiwa imekwisha kulainika, na wala si kweli kwamba kila mpya ni lazima isumbue. Inategemea ilivyotengenezwa. Bastola za kijeshi huachiwa ulegevu kidogo kati ya vipande vyake kwa makusudi, ili mchanga, matope na ukavu visizisimamishe. Ile ya John Browning iliyochukuliwa na jeshi la Marekani mwaka 1911 ilijaribiwa kwa risasi 6,000 kabla ya kukubaliwa, na haikukwama hata mara moja. Glock 17, iliyoingia katika jeshi la Austria mwaka 1982, nayo haina masharti ya kuzoeshwa. Lakini chukua umbo lilelile la mwaka 1911, litengenezwe na kiwanda kinachobana vipande ili risasi zote ziingie tundu moja kwenye shabaha, na hapo utakuta mtengenezaji mwenyewe anakuonya: Kimber wamekuwa wakitaja risasi 400 hadi 500 za kulainisha. Kahr, ambao ni maarufu kwa bastola ndogo za kuficha, hueleza kwamba bastola yao isihesabiwe kuwa ya kutegemewa mpaka ipigwe risasi 200. Kwa hiyo hiyo namba ya muuzaji wako hakuiota. Kosa lake ni kuitoa kama dawa ya kila ugonjwa, bila kukuuliza ilikwama vipi, na bila kukuuliza kama ulisoma kitabu kilichokuja ndani ya boksi. Kisome. Kama kinataja idadi ya risasi za mwanzo, basi hiyo ndiyo idadi yako, na neno la mtu wa dukani halizidi hapo.

Bastola ndogo ina taabu yake ya pekee. Slaidi yake ni fupi na nyepesi, kwa hiyo springi ya kuirudisha mbele inabidi iwe ngumu kuliko ya bastola kubwa. Slaidi hiyo fupi inakwenda na kurudi kwa haraka sana, na katika muda huo mdogo springi ya magazini inatakiwa iwe imekwisha kuinua risasi inayofuata na kuiweka sawa mbele ya mtutu. Pasi ya nafasi kubwa ya makosa, kitu kidogo kinatosha kuvuruga mwendo: mafuta mazito, risasi dhaifu, mkono uliolegea. Kinacholainika katika risasi za mwanzo ni springi hizo mbili, ambazo hupungua ukali wake kidogo na kisha kutulia, pamoja na mikwaruzo midogo ya mashine iliyobaki kwenye reli za slaidi na kwenye ule mteremko wa kuingizia risasi. Madereva wa bodaboda wanalijua hili kwa injini: pikipiki mpya huendeshwa kwa upole katika kilomita za mwanzo, na mafuta yake ya kwanza humwagwa mapema kwa sababu yanatoka na unga wa chuma.

Sasa tuje kwenye mikwamo yako minne.

Ile mitatu ya slaidi kutofunga imetokea magazini ikiwa imejaa mpaka mwisho. Chukua magazini moja, bila bastola, uijaze yote, kisha ibonyeze risasi ya juu kwa kidole gumba. Ikiwa haishuki hata kidogo, au inashuka kwa shida sana, basi umeona tatizo lako kwa macho. Springi mpya iliyobanwa hadi mwisho inaisukuma risasi ya juu kwa nguvu dhidi ya tumbo la slaidi, nayo slaidi inapokuja mbele inapoteza nguvu kwa kusuguana badala ya kuimalizia kufunga. Ongeza hapo kwamba hukuitoa ile grisi ya kiwandani. Hiyo si mafuta ya kufanyia kazi. Ni ya kuzuia kutu melini na ghalani, na ikichanganyika na moshi wa baruti huwa kama gundi. Mkwamo wa namna hii ndio hasa unaopona kwa usafi na kwa risasi chache. Wakati wa kuujaribu upya, pakia risasi moja pungufu katika kila magazini.

Mkwamo wa nne, lile ganda lililosimama kama mshumaa, sidhani kama ni wa bastola. Bastola inayojipakia hutumia nguvu ya risasi kuirudisha slaidi nyuma, lakini ili slaidi irudi ni lazima mwili wa bastola ubaki mahali pake. Kifundo cha mkono kikilegea, bastola nzima inarudi nyuma pamoja na slaidi, mwendo unapungua, na ganda linabanwa kabla halijaruka. Mkono mmoja, bastola nyepesi, mpigaji mgeni: sababu zote tatu zilikuwapo siku ile. Risasi dhaifu nayo huleta hali hiyohiyo. Za mazoezi za milimita tisa nyingi hubeba kichwa cha gramu 7.5 na baadhi hujazwa baruti kwa upole, ilhali zenye kichwa cha gramu 8 mara nyingi huisukuma slaidi kwa nguvu kidogo zaidi. Angalia boksi lako limeandikwa nini. Hata hivyo usiende kununua nyingine kwa sasa. Rekebisha mkono kwanza, kwa sababu mkono haununuliwi kwa kibali.

Kabla ya kurudi kiwanjani, fanya hivi. Toa magazini, vuta slaidi nyuma, angalia chemba, pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu, kwa macho kisha ichunguze na kwa kidole, na risasi zote ziwe chumba kingine. Ifungue kama kitabu kinavyoonyesha na usivuke hapo. Vipande vidogo vya ndani si vyako. Futa grisi yote kwa kitambaa cha pamba, pitisha brashi ndani ya mtutu, kausha, kisha weka tone moja moja kwenye reli za slaidi na sehemu ya mtutu inayosuguana na slaidi. Magazini ziache kavu ndani, kwa maana mafuta humo hukusanya vumbi, na yakifikia fataki za risasi, vile vidonge vya kuwashia baruti kwenye kitako, yanaweza kuziharibu. Irudishe, kisha uivute slaidi kwa mkono mara mia moja au mia mbili bila risasi, mbele ya redio, siku mbili tatu. Haigharimu chochote, na sehemu ya ulaini unaoutafuta kwa risasi 200 utaipata hapo. Risasi za bandia za plastiki, ukizipata, zitakuonyesha na jinsi kila magazini inavyolisha. Usithubutu kufanya zoezi hilo na risasi za kweli nyumbani.

Ziwekee magazini alama, moja na mbili, kwa rangi ya kucha ya mama watoto. Nalisisitiza hili kuliko mengine, kwa sababu nimeona bastola nzima zikilaumiwa, na moja ikirudishwa ghalani kwa maandishi makali, kumbe kosa lilikuwa mdomo wa magazini moja uliopinda kiasi ambacho jicho halikioni. Katika barua yako hukusema mikwamo ile mitatu ilitoka kwenye magazini ipi. Bila hilo huwezi kujua.

Hizo risasi 200 za muuzaji ni hesabu ya mahali ambapo mtu huingia dukani akatoka na katoni. Kwetu, leseni inakuwekea kikomo, na kila moja ni ghali. Kwa hiyo kila risasi unayopiga ikufundishe kitu. Kwa siku yako ijayo ningepanga risasi 60, uzigawe sawa kati ya magazini ya kwanza na ya pili, mikono miwili wakati wote, na daftari pembeni. Bastola ikipiga zote bila kukwama, nitasema ulikuwa ugeni na grisi. Ikikwama mara moja au mbili mwanzoni kisha ikaacha, bado inalainika, iendelee. Ikikwama na magazini moja tu, dai magazini nyingine. Lakini ikiwa imesafishwa, imepakiwa pungufu, imeshikwa vizuri, na bado slaidi haifungi kwa magazini zote mbili, hapo usikubali kuambiwa uongeze mia nyingine. Ugeni hupungua kadiri unavyopiga, kasoro haipungui. Na baada ya hapo, ziwepo angalau risasi 30 au 40 za aina ileile utakayoweka usiku, zilizopigwa mfululizo bila kosa, kabla hujaiita bastola hiyo kinga ya duka lako. Zenye kichwa chenye tundu hujikwaa kwenye mteremko mahali ambapo za kichwa cha mviringo hupita, kwa hiyo kufaulu kwa za mviringo hakukuambii lolote kuhusu zenye tundu.

Yapo mambo ambayo hayahusiani na upya hata kidogo, na ukiyaona unasimama papo hapo: ukifyatua mara moja zikatoka mbili, sefti, yaani kizuizi cha kufyatua, isiposhika, ganda likitoka limevimba au limepasuka. Ukisikia mlio dhaifu, kama mtu aliyekohoa, usivute tena. Huenda kichwa cha risasi kimebaki ndani ya mtutu, na inayofuata itaupasua mtutu ukiwa mkononi mwako. Ukifyatua ikabofya tu, ielekeze kwenye shabaha nusu dakika bila kuifyatua tena wala kuvuta slaidi, kwa sababu fataki nyingine huchelewa. Msimamizi wa kiwanja anayajua haya, lakini yajue na wewe.

Kuhusu shemeji, samahani kwake, ila mapendekezo yake yote mawili nayakataa. Leseni ile ina jina lako na namba ya bastola ile. Kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 silaha si jembe la kuazimana, na siku atakaposimamishwa nayo njiani mtakuwa na kesi nyinyi wawili. Tena shamba la mikorosho si kiwanja cha shabaha. Risasi ya milimita tisa iliyopaa bila kugonga kitu huvuka kilomita moja, na chini ya mikorosho kuna akina mama wanaookota. Msasa ndio kabisa. Pembe ya ule mteremko imehesabiwa, na ukiondoa chuma hata kidogo tu, sehemu ya nyuma ya ganda inakosa ukuta wa kuegemea inapolipuka. Halafu hutakuwa na dai lolote kwa muuzaji, kwa sababu ataona alama za msasa kabla hujafungua mdomo. Ikibidi irudi, anza polisi walikoisajili, uulize utaratibu wa kuisafirisha, ndipo uzungumze na muuzaji ukiwa na daftari lako. Mlalamikaji mwenye kumbukumbu za magazini na namba za risasi huwa hachekwi kwenye simu.

Limebaki lile ambalo hukuliuliza, nalo limenisumbua kuliko mikwamo yote minne: droo ya kaunta, ndani ya duka la salfa. Unajua ule unga unavyofanya. Unaingia kwenye nywele, unaingia kwenye chai. Salfa huyageuza madini ya shaba kuwa meusi, na maganda ya risasi yametengenezwa kwa shaba iliyochanganywa na zinki. Ikipata na unyevu inakula hata chuma. Nenda sasa uzitoe risasi zako uzitazame kwenye mwanga. Zilizofifia rangi tu zifute kwa kitambaa kikavu uzipige kwanza kiwanjani. Zenye madoa ya kijani au vishimo usizipige, zikabidhi polisi. Kisha iondoe bastola dukani kabisa. Droo yenye kufuli la kaunta haimzuii mwizi, maana ndiyo ya kwanza kuvunjwa, na mwizi aliyeingia kutafuta fedha atatoka na silaha yako. Tafuta kasiki ndogo ya chuma iliyofungwa kwa skrubu ukutani nyumbani, mahali watoto hawafiki, na ndani yake tupia vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Ala ya ngozi ni ya kuvaa, si ya kuhifadhia. Ngozi hushika jasho, na sisi huku Mtwara mjini, kwa hewa ya chumvi, tumeona kutu ikichora umbo la ala kwenye chuma kwa wiki chache.

Mafuta ya cherehani yanatosha kwa sasa, ila ni mepesi na hukauka upesi, kwa hiyo paka mara kwa mara. Mafuta ya nazi mwachie jirani apikie. Yanaganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na asubuhi za Juni huko kwenu zinashuka zaidi ya hapo; hata yasipoganda, baada ya muda yanachacha na kunata.

Mama watoto ana haki ya kuogopa, na ningependa umwonyeshe kasiki kabla ya kumwonyesha bastola. Ukitoka kiwanjani niandikie tena: risasi ngapi, magazini ya ngapi, na slaidi ilisimama wapi.